Darasa la Wasiohesabiwa



Mimi ni mwalimu wa sayansi mjini Tanga, na kwa miaka minne sasa, kazi za shule zikiisha na sala ya isha ikishasaliwa, nimekuwa nikirekodi masomo ya fizikia na baiolojia kwa Kiswahili na kuyaweka YouTube bila ya ada, ili mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambaye siku ya kwanza ya kidato cha kwanza hukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza, apate mahali pa kuelewa jambo kabla ya kulazimishwa kukariri jina lake. Aliyekwisha kufahamu usanisinuru kwa lugha ya mama yake, yaani jinsi jani linavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua, hawezi kutishwa na neno la kigeni linalotaja jambo hilo hilo.

Mwenye kutazama somo la dakika kumi hudhani kuwa limetengenezwa kwa dakika kumi. Haoni siku tatu za kuandika na kuhakiki istilahi, wala sebule iliyofunikwa mablanketi ili sauti isirudi kutoka ukutani, wala feni iliyozimwa katika joto la pwani kwa kuwa mngurumo wake huingia katika maiki. Bodaboda ikipita, sentensi husemwa upya. Umeme ukikatika, uhariri usiohifadhiwa hupotea. Na bando aghalabu huisha video ikiwa imepanda robo tatu. Hayo nayataja si kwa kutaka huruma, maana kila kazi ina jasho lake, bali ili ijulikane kuwa elimu iitwayo ya bure ina mtu anayeilipia.

Watu huniambia kwamba kampuni ya YouTube hulipa. Ni kweli, lakini kwa sharti: tangu mwaka 2018 njia ya kawaida ya chaneli ya video ndefu kupata mgawo wa fedha za matangazo ni kufikisha kwanza watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12. Saa hizo ni dakika 240,000, na mtazamaji akikaa dakika tatu tu kisha akaondoka, masomo hayana budi kufunguliwa mara 80,000 kwa jumla. Kisha mwenye chaneli hupewa asilimia 55 ya fedha za matangazo yanayoonyeshwa katika video zake, nayo matangazo ya kuwaonyesha watu wa nchi zetu kwa kawaida hununuliwa kwa bei ndogo kuliko ya Ulaya au Marekani.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Mwalimu wa kijijini huchukua somo kwa bando lake mwenyewe, akaliweka mbele ya wanafunzi arobaini kwa skrini moja, na hesabu ya kampuni ikaandika mtazamaji mmoja. Na wanafunzi wakirushiana somo hilo kutoka simu hadi simu, hakiandikwi kitu. Kwa hiyo kila elimu inavyoenea kwa njia inayotufaa sisi, ndivyo pato la mwenye kuitoa linavyopungua. Sisemi kuwa ni dhuluma. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa mtu aliye peke yake na simu yake na intaneti rahisi, ilhali sisi ni watu wa kukusanyika. Na ikiwa kipimo cha wengine hakituhesabu, insafu yataka tujihesabu wenyewe.

Nasi si wageni wa kujifunza kwa kukusanyika. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa makundi makundi kuizunguka redio, wakasikiliza somo, wakasoma kitabu chake, wakajadiliana, kisha wakaondoka wakaenda kuchimba vyoo. Redio moja ilitosha kundi zima, na jitihada ile haikungoja faida ya matangazo.

Basi naomba auni yenu. Enyi wasimamizi wa shule, misikiti, makanisa na ofisi za kata, fungueni makundi ya kutazama, bando moja liwatoshe wengi, na baada ya kutazama mjadiliane. Enyi waalimu wenzangu, jitoleeni wawili wawili kuhakiki masomo kabla hayajarekodiwa, maana kosa likishaenea ni taabu kulirudisha. Enyi wenye nafasi, changeni kila mwezi kwa kadiri ya uwezo, katika mfuko wa mtaa wenye mweka hazina na hesabu isomwayo hadharani, ili usaidie kila mwenye kufundisha kwa namna hii, si mimi peke yangu. Nanyi mnaorushiana masomo, msikate jina la aliyeyatengeneza, na mmoja wenu alifungue somo mtandaoni alitazame hadi mwisho kwa niaba ya wenzake. Ama wenye mamlaka, ambao kanuni zao za mwaka 2018 zilidai leseni ya maudhui ya mtandaoni kwa ada ya zaidi ya shilingi milioni mbili, na ambao tangu hapo wamezirekebisha, nawasihi wasimtazame mwenye kufundisha bure kama wamtazamavyo mfanyabiashara.

Wazee wetu wa pwani walipoweka kisima wakfu, mchimbaji hakudai malipo kwa kila ndoo. Lakini kamba ilipokatika, haikungojwa roho ya marehemu mchimbaji ije kununua nyingine: waliokuwa wakiteka ndio walioinunua. Mimi nitaendelea kuzima feni na kufundisha. Kamba, ndugu zangu, ni juu yenu.