Ahadi ya Binadamu na Ahadi ya Mungu: Mawaidha Niliyoyasikia Nyamira

Wasomaji wengi wa pwani wanaujua wimbo "Malaika" tangu utotoni mwao. Lakini nadhani ni wachache watakaoniamini nikiwaambia kwamba nimewahi kuusikia wimbo huo ukifanywa mawaidha ya dini, tena matangani. Jambo hilo nililishuhudia Nyamira, katika nchi ya Abagusii, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, ni haki kwa mtu wa dini kuuchukua wimbo wa mapenzi akaufanya darasa la uaminifu wa Mwenyezi Mungu?

Nilikwenda huko kumpa mkono wa taazia rafiki yangu mmoja ambaye tulifanya kazi pamoja bandarini Kilindini kwa miaka mingi. Alikuwa amefiwa na mama yake. Nilifika siku ya Ijumaa, nikapokewa katika vile vilima vya majani ya chai na migomba ambako hakuna hata shubiri ya ardhi iliyoachwa bila ya kulimwa. Nakiri kwamba nilikuwa na wasiwasi wa chakula. Wasiwasi huo uliniondoka upesi. Rafiki yangu ni Mwadventista wa Sabato, na katika nyumba yake nyama ya nguruwe hailiwi wala pombe haionjwi. Aliponiletea jogoo na kisu ili nichinje kwa mkono wangu mwenyewe, nilijua kwamba ule ujirani wetu wa Mombasa haukupita bure.

Yafaa msomaji ajue kwamba Ukristo una mizizi mirefu upande ule. Wakatoliki walifungua misheni yao ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa muda mfupi baadaye. Kabla ya hapo Abagusii walikuwa na muziki wao, na mkubwa wa ala zao ulikuwa obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito ya kutetemesha kifua. Wamisionari hawakuzipenda ngoma za jadi, kwa kuwa waliziona zimefungamana na pombe na mambo ya kale. Basi tangu siku hizo pakawa na ukuta baina ya wimbo wa kanisani na wimbo wa duniani.

Jumamosi, jua lilipokwisha kutua na Sabato kumalizika, vijana walikaa uani na gitaa. Mmoja wao akaanza kuupiga wimbo wa "Malaika", kwa kuwa marehemu alikuwa akiupenda mno kila ulipotoka redioni. Rafiki yangu aliposikia, aliinuka akatoka nje kimya kimya.

Sababu yake niliijua. Kila mwaka alipokwenda likizo, alimwahidi mama yake kwamba mwaka ujao atamchukua Mombasa aione bahari. Mama alikuwa akimwuliza kama ni kweli kwamba maji yote yale yana chumvi. Mwaka mmoja karo za watoto zilimkaba, mwaka wa pili ni ugonjwa, mwaka wa tatu ni nauli. Mama akafa bila ya kuiona bahari.

Hapo ndipo mzee mmoja wa kanisa aliposimama. Alisema kwamba kijana wa wimbo ule si mwongo. Anapenda kwa dhati, ila umaskini umemzuia kuoa. Wenyeji walitikisa vichwa, maana katika nchi ile ambako mahari ya ng'ombe yamewalemea wazee na vijana vizazi kwa vizazi, kisa hicho hakihitaji tafsiri. Kisha mzee akasema, "Mapenzi yetu ni marefu lakini mikono yetu ni mifupi. Mungu peke yake ndiye ambaye upendo wake na uwezo wake vimelingana. Kwa hiyo akiahidi, hutimiza." Akawakumbusha kitabu cha Maombolezo katika Biblia, ambacho kinaulilia mji wa Yerusalemu uliobomolewa, na katikati ya kilio hicho kinasema kwamba rehema za Mungu huwa mpya kila asubuhi.

Mhubiri mmoja kijana hakuridhika. Alisema wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya kucheza na kubembeleza wasichana, na ukiupa nafasi katika mambo ya Mungu leo, kesho utaleta na dansi yenyewe.

Mimi siwezi kumlaumu kijana yule. Hofu yake ina msingi. Katika miaka hii ya karibuni, mwimbaji wa injili kutoka upande huo huo wa Kisii, ajulikanaye kwa jina la Embarambamba, amepata umaarufu nchi nzima kwa kugaagaa matopeni na kuning'inia mitini huku akiimba. Watu wengi wamecheka sana, lakini ukiwauliza wamejifunza nini juu ya Mungu, utawaona wanatazamana. Hata hivyo, kosa la mchezo si kosa la gitaa. Wimbo unaweza kulitaja jina la Mungu mara mia usifundishe kitu, na mwingine usilitaje hata mara moja ukamliza mtu mpaka akamkumbuka Mola wake.

Wala sisi wa pwani tusijifanye kwamba mjadala huu hatuujui. Mpaka leo wako wanaoyakubali matari katika maulidi na wako wanaoyakataa. Tunajua pia kwamba Fadhili William, aliyeurekodi "Malaika" katika miaka ya 1960, alikuwa mwana wa Taita, jirani yetu. Ingawa wako wanaosema mtungaji wa kwanza ni Adam Salim wa Tanzania.

Sina haja ya kuficha kwamba dini zetu ni mbili. Mkristo anapozungumza juu ya uaminifu wa Mungu, mwisho wa maneno yake ni Yesu, na hapo njia zetu zinaachana. Lakini mwanzo wa njia ni mmoja. Qurani Tukufu, katika Sura ya Rum, inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu havunji ahadi yake. Basi yule mzee wa Nyamira hakusema neno ambalo Mwislamu angelishangaa kulisikia.

Ila nadhani mawaidha yake yalibakisha nusu. Tukisema kwamba binadamu ni dhaifu na Mungu ndiye mwaminifu, kisha tukanyamaza, tutakuwa tumejitafutia kisingizio. Sisi hapa pwani tunakijua kisingizio hicho. Fundi ukimwuliza nguo itakuwa tayari lini, atasema "kesho, inshallah", na wewe unajua moyoni kwamba kesho hiyo haipo. Neno lililokuwa la unyenyekevu mbele ya Mungu tumeligeuza kuwa njia ya adabu ya kumnyima mtu haki yake. Hali Qurani hiyo hiyo, katika Sura ya Israa, inaamrisha kutimiza ahadi kwa kuwa ahadi itaulizwa. Na katika Sura ya Maryamu, Nabii Ismaili amesifiwa kwa kuwa mkweli wa ahadi. Anayemsifu Mungu kwa uaminifu wake hana budi kuwa mwaminifu kwa kadiri ya mkono wake, hata kama mkono huo ni mfupi.

Rafiki yangu aliifahamu nusu hiyo bila ya kuambiwa na mtu. Aliporudi Mombasa hakurudi peke yake. Alikuja na mama yake mdogo, dada wa marehemu, ambaye naye hakuwahi kuiona bahari. Nilikuwa pamoja nao asubuhi ile tulipoteremka ufukweni. Bibi yule alichovya kidole, akaramba, akakunja uso, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Rafiki yangu alisimama nyuma yake asiseme neno. Deni la mama halikulipika, lakini alilipa alichoweza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jirani yako Mkisii akifungua redio yake siku ya Jumamosi, au kijana wako akipiga gitaa barazani, usiwe mwepesi wa kukasirika. Sikiliza wimbo unalilia nini. Mara nyingi utakuta unalilia ahadi iliyovunjika. Umshukuru Mola ambaye ahadi yake haivunjiki, kisha ukumbuke ni nani uliyemwambia "mwaka ujao, inshallah", na uende kwake angali hai.