SAHANI HII SI YA WALI!

Nyie wa Makanyagio, nyie wa Kashaulili, na nyie mnaolisoma gazeti hili kwa kuchungulia begani kwa mwenzenu aliyelinunua, wote nawasalimu.

Leo tuongee kuhusu sahani. Tulia, sizungumzii sahani ya wali. Nazungumzia santuri, ile sahani nyeusi ambayo wazee wetu walikuwa wanaiweka kwenye gramafoni, sindano inashuka, kwaru kwaru kidogo, halafu Morogoro Jazz hao! Siku hizi hapa Nsemulwa unaikuta imegeuzwa pambo la ukutani. Nyumba moja nimeikuta inafunika ndoo ya maji. Jamani!

Miezi kadhaa sasa chumba changu kimekuwa hospitali ya santuri. Nina gramafoni ya mtumba, amplifaya, kompyuta na programu ya bure inayoitwa Audacity. Kazi yenyewe ni kuuhamisha wimbo kutoka kwenye sahani uingie kwenye kompyuta, usife na mwenyewe. Washkaji wananiita mganga wa zilipendwa. Poa tu, mradi wagonjwa wanakuja.

Mgonjwa aliyenipa kazi kubwa aliletwa na mzee mmoja mstaafu wa reli. Si mnajua ile njia yetu ya treni ya Tabora, Kaliua hadi Mpanda? Enzi zake, kila safari alirudi na sahani, nyingine za Tabora, nyingine za Kigoma. Akaniletea boksi zima.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nataka hizi zilie tena kabla sijaondoka."

Hakusema anaondoka kwenda wapi, na mimi sikuuliza.

Sasa wewe unayedhani ni kazi ya kubonyeza kitufe, subiri kidogo. Vumbi letu la kiangazi unalijua. Sahani inaoshwa kwanza kwa maji safi na sabuni kidogo ya vyombo, kitambaa laini kinazunguka kwa kufuata mifereji, na ile karatasi ya katikati isiguswe na tone. Ukikutana na zile nzito za zamani, za mizunguko 78, usithubutu kuzipaka spiriti, maana inazitafuna. Halafu waya wa gramafoni unaingia kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa "phono", kwa sababu sauti ya sindano ni ndogo mno na besi yake ilipunguzwa makusudi wakati wa kutengeneza sahani. Ukichomeka kwingine utasikia mbu anaimba.

Kisha unakaa na kusubiri. Wimbo wa dakika tatu unachukua dakika tatu, hauna njia ya mkato. Umeme ukikatika katikati, gramafoni inapunguza mwendo na mwimbaji sauti inashuka, inashuka, kama mtu anazimia. Unaanza upya.

Kitu kilichonichekesha ni hizi sahani ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja haukutosha wimbo mrefu, kwa hiyo waliukata vipande viwili. Upande A mtu analalamika kaachwa na mpenzi, upande B ndipo magitaa yanapochangamka! Mimi kila upande nauhifadhi peke yake kama ulivyo, kisha natengeneza nakala ya kuunganisha kwa ajili ya kucheza. Na nahifadhi kwa WAV, inayokula kama MB 30 kwa wimbo wa dakika tatu. MP3 ya kawaida ingekula kama MB 3 tu, lakini inatupa sehemu ya sauti, na ikishatupwa hairudi ng'o.

Haya, sasa nifike kwenye kinachonikera. Nenda kibanda chochote cha kuingiza nyimbo kwenye flashi, mwambie jamaa akuwekee zilipendwa. Utapewa nyimbo mia mbili zimeandikwa "Track 01", "Track 02", "Zilipendwa Mix Kali". Nani kaimba? Hajui. Nani katunga? Anakushangaa. Ukihamia YouTube ndio balaa, gitaa kwenye wimbo wa Marijani Rajab linaanza kulia taratibu, mara jitu linabweka juu yake: "DJ nani sijuiiii!" Wewe DJ, ulikuwepo studio?

Jina si pambo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, kwa hiyo kwa hesabu hiyo nyimbo alizotunga zina wenyewe hadi 2029. Familia itadai vipi kitu kinachoitwa "Track 07"? Ndiyo maana naipiga picha ile karatasi ya katikati kabla ya yote: bendi, mtunzi, kampuni, namba. Na nyimbo za babu sijazimwaga mtandaoni. Kapewa yeye kwenye flashi, wenye haki wakipatikana tutaongea.

Na usidhani kila kitu kipo kwenye sahani. Bendi zetu nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikabaki kwenye tepu stoo. Sahani nyingi zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, kwenda huko ikawa shughuli. Tepu haipendi joto wala unyevu. Tanzania Heritage Project walianza kuzipigia kelele tepu hizo mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mwaka 2018 ikatoka filamu ya Wahenga ya Amil Shivji na Rebecca Corey kuhusu habari hiyo. Wafaransa wa Buda Musique walishatoa CD nzima ya muziki wetu wa miaka ya 60 mwaka 2007. Paris wanaununua, sisi tunafunikia ndoo!

Na wewe kijana unayecheka wazee, zile CD za Bongo Fleva ulizochoma mwaka 2006 umezijaribu? Rangi iliyobeba data kwenye CD ya kuchoma inafifia kwa jua na joto. Santuri ya 1973 inalia kwangu, CD ya juzi inasema "no disc". Zihamishe wiki hii.

Boksi la babu tumelimaliza, imebaki sahani moja. Karatasi yake ya katikati imeliwa na mende, haina jina. Nimeihifadhi kwa jina "HAIJULIKANI". Babu anaapa ni Tabora Jazz. Rafiki yake mmoja, naye wa reli, kasikiliza sebuleni kwangu, kanywa chai yangu vikombe vitatu, kasema hilo gitaa ni Western Jazz na asiulizwe tena. Hawajasalimiana tangu Jumapili. Alhamisi anakuja mzee wa tatu.