Usiuze Nishani ya Babu Kabla ya Kusoma Ukingo Wake

MPENZI msomaji, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili hii, inuka uliendee kabati la vioo la sebuleni, lile ambalo watoto hukatazwa kuligusa, utazame kilichomo. Nyuma ya glasi za wageni huenda kuna kikombe chenye picha ya mfalme au malkia wa Uingereza, ama sahani ya maua ya waridi ambayo nyanya aliipata zamani za mashamba ya walowezi. Na chumbani, ndani ya kopo la biskuti linalohifadhi vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba, huenda kuna kipande cha mviringo kilichogeuka cheusi, ambacho mzee alikuwa akikivaa kifuani siku ya baraza.

Kama vitu hivyo vimo, ukurasa huu wa leo ni wako. Na kama kuna mtu katika jamaa yenu anayefikiria kumpelekea sonara kile kipande cheusi, msomee makala haya kwanza.

Si ajabu vitu vya namna hii kupatikana Eldoret. Mji wetu ulianza na walowezi. Makaburu wa van Rensburg walifika nyanda za Uasin Gishu mwaka wa 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, na mwaka wa 1910 posta ikafunguliwa katika shamba nambari 64, ndiyo sababu wazee wengine wangali wanauita mji huu Sisibo. Reli ilifika mwaka wa 1924. Kabila zima la vyombo vya Kiingereza liliingia kwa njia hizo: birika za chai, sahani za kutundikwa ukutani, sanamu za wachungaji na mbwa. Uhuru ulipokaribia mwaka wa 1963, walowezi wengi waliondoka, na si kila chombo cha kuvunjika kilichofungwa safarini. Vingine vilibaki kwa wapishi, mayaya na makarani.

Tuanze na nishani, kwa kuwa ndizo zinazopotea upesi zaidi.

Eldoret ukitaja medali, kila mtu huwafikiria wanariadha, na ni haki yetu. Kipchoge Keino alileta fedha mbili za Olimpiki, ya mita 5,000 kutoka Mexico mwaka wa 1968 na ya mita 1,500 kutoka Munich mwaka wa 1972, juu ya dhahabu mbili alizoshinda katika michezo hiyo hiyo. Pauline Konga naye akawa mwanamke wa kwanza Mkenya kupata medali ya Olimpiki aliposhinda fedha ya mita 5,000 kule Atlanta mwaka wa 1996. Tena jua kwamba hata medali ya dhahabu ya Olimpiki siku hizi ni fedha iliyopakwa dhahabu. Kanuni hudai fedha safi isiyopungua sehemu 925 kati ya 1,000, na dhahabu ya juu ni gramu 6 hivi tu.

Lakini kabla ya wanariadha, walioleta fedha nyumbani kifuani walikuwa askari. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita KAR, kiliundwa mwaka wa 1902. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilianzisha nishani ya fedha kwa ajili ya vita vidogo vidogo vya Afrika. Upande mmoja ina kichwa cha mfalme. Upande wa pili kuna mwanamke aliyesimama na simba, na chini yake neno AFRICA. Utepe wake ni wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Juu ya utepe huwekwa bamba dogo la fedha linalotaja vita ambavyo mwenyewe alipigana.

Baadaye ikaja nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mtu aliyepanda farasi pamoja na miaka 1914 na 1918. Hii ilitolewa kwa mamilioni, na askari wa KAR walikuwa miongoni mwa walioipata. Upana wake ni milimita 36, na uzito wake ni kama gramu 30.

Sasa sikiliza vizuri. Sonara au mnunuzi wa vyuma kuukuu atakulipa hizo gramu 30 na basi. Bei ya fedha ilipopanda ghafla Januari mwaka wa 1980 mpaka karibu dola 50 kwa aunsi moja, nishani nyingi za aina hii zilitiwa katika tanuri huko Uingereza na kwingineko. Fedha ilibaki fedha, lakini majina yaliyeyuka.

Majina gani? Igeuze nishani ubavu, uizungushe polepole karibu na dirisha. Pale ukingoni, penye unene wa sarafu, utaona maandishi madogo: nambari ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Uingereza iliandika hivyo kwenye nishani zake za fedha za vita vile. Usishangae jina likiwa limepindwa, maana karani aliandika alivyosikia. Nambari ndiyo ya kutegemea. Kwa familia nyingi, ule ukingo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo jina la babu lilichongwa na serikali iliyomtuma vitani.

Nishani za Vita vya Pili ni jambo jingine. Nyota zilizotolewa kwa waliopigana Afrika na Burma ni za shaba iliyochanganywa, na ile nishani ya mviringo ya 1939 hadi 1945 waliyopewa askari wetu si fedha bali ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Zaidi ya hayo, Waingereza walizitoa bila majina. Kwa hivyo kama mzee wenu alikwenda Burma mwaka wa 1944, nishani peke yake haitasema neno. Cheti chake cha kuachishwa jeshi na picha yake ndivyo vitakavyoisemea. Vikitenganishwa, nishani inakuwa yatima.

Msomaji wa Eldoret atapambana na swali moja gumu. Miongoni mwa yale mabamba ya nishani ya Afrika liko lililoandikwa NANDI 1905-06. Lilitolewa kwa walioshiriki katika vita vya kuwavunja Wanandi, waliokuwa wameipinga reli na utawala wa Waingereza kwa miaka kama kumi. Katika vita hivyo, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliotangazwa kuwa wa amani. Fimbo tatu za uongozi za Koitalel zilichukuliwa Uingereza, na zilikaa huko mpaka mwaka wa 2006 ziliporudishwa Nandi.

Je, mwenyeji wa hapa aiweke nishani kama hiyo nyumbani mwake? Wako watakaosema itupwe mtoni Sosiani, kwamba ni malipo ya damu. Nawaelewa. Hata hivyo maoni yangu ni kwamba iwekwe, lakini isiwekwe kama pambo. Iwekwe pamoja na karatasi inayoeleza yaliyotokea, na mtoto akiishika aambiwe hadithi ya fimbo tatu siku hiyo hiyo. Waingereza walitengeneza fedha ya kukumbuka ushindi wao, wala hawakutengeneza chochote cha kukumbuka aliyeuawa. Nishani ikiyeyushwa, ushahidi wao wenyewe unapotea. Ikiuzwa ng'ambo, itawekwa sandukuni na mtu ambaye kwake Nandi ni neno tu la kuongeza bei.

Tugeukie vyombo. Kuna wanaodhani kwamba kukusanya vyombo vya kauri ni mchezo wa Wazungu. La hasha! Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa lipu, na humo waungwana walipanga bakuli na sahani kutoka Uchina na baadaye Ulaya. Kule Mambrui, karibu na Malindi, bakuli za Kichina zilipachikwa katika mnara wa kaburi. Mswahili alijua karne nyingi zilizopita kwamba sahani nzuri si ya pilau tu.

Kauri ya Kiingereza ina siri moja itakayowafurahisha wafugaji wa Uasin Gishu. Mwishoni mwa karne ya 18, Josiah Spode wa mji wa Stoke alifanikisha udongo ambao karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Ndiyo sababu kikombe kizuri cha Kiingereza ni cheupe kama maziwa, chembamba, tena kigumu. Ukitaka kukijua, kielekeze kwenye mwanga na uweke kidole nyuma yake. Ukiona kivuli cha kidole, hiyo ni kauri. Usipoona kitu, ni udongo wa kawaida uliopakwa rangi ya kung'aa.

Kisha kipindue usome mgongo wake. Neno ENGLAND peke yake kwa kawaida huonyesha kwamba chombo kilitengenezwa mwaka wa 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya wakati huo ilitaka kila bidhaa itaje nchi yake. MADE IN ENGLAND kwa kawaida ni ya karne ya 20. Ukiona maandishi kwamba chombo hufaa kwa mashine ya kuoshea vyombo, mwenye kukwambia ni cha zama za Malkia Victoria anakucheka.

Vikombe vya kutawazwa wafalme ndivyo rahisi kuanza navyo, maana vimeandikwa tarehe: 1911 kwa George wa Tano, 1937 kwa George wa Sita, 1953 kwa Elizabeth, ambaye urithi wa ufalme ulimkuta hapa hapa Kenya mwezi wa Februari mwaka wa 1952. Kuna kikombe kimoja cha ajabu, cha Edward wa Nane, chenye tarehe 12 Mei 1937. Vilitengenezwa mapema, naye akajiuzulu Desemba 1936 kabla ya kutawazwa! Watu hukitafuta kwa kichekesho hicho, ingawa kwa kweli si adimu, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimekwisha kuvitoa kwa wingi. Na vikombe vingi vya 1953 ni udongo wa kawaida, si kauri. Usiuziwe kwa bei ya hadithi.

Hali kadhalika na vyombo vinavyong'aa kama fedha. Herufi EPNS chini ya kijiko au kikombe cha ushindi zina maana kwamba ni madini mengine yaliyopakwa fedha juu. Fedha halisi ya Uingereza hupigwa mhuri wa simba anayetembea. Nishani za vita kwa kawaida hazina mhuri huo, kwa hiyo usizikatae kwa kuukosa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shilingi chache. Kwa kila kitu andika ni nini, kilitoka kwa nani, kiliingia nyumbani lini, na maandishi yake yote, herufi kwa herufi. Kipige picha pande zote. Mwanafunzi asiye na fedha za kununua chochote anaweza kufanya kazi hii kwa nyumba nzima, na atakuwa mkusanyaji wa kweli kuliko tajiri aliyejaza kabati asijue kilichomo. Anayetaka kuanza na chake mwenyewe atafute sarafu ya shilingi 40 ya mwaka wa 2003, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru.

Kuhusu utunzaji, nishani usiisugue kwa majivu, mchanga wala dawa ya meno. Ule weusi hauiharibu, lakini kusugua hufuta uso wa mfalme na jina la babu pamoja. Ifunge kwa kitambaa safi cha pamba, mbali na moshi wa jiko la mafuta ya taa, wala usiizungushie mpira, kwa kuwa mpira una kiberiti kinachoifanya fedha iwe nyeusi. Kauri yenye ukingo wa dhahabu iosheni kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Ukiisugua kwa waya wa sufuria, dhahabu itakwenda na maji.

Jueni pia sheria. Kwa mujibu wa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka wa 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895 ni cha kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Nishani ya 1906 haiguswi na kipimo hicho cha miaka. Mlinzi wake ni wewe.

Na msidhani mkusanyo wa mtu mmoja haufiki mbali. Pale Kitale, Kanali Hugh Stoneham alianza makumbusho yake mwenyewe mwaka wa 1926, akakusanya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya wenyeji mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Aliuachia umma vyote, na makumbusho ya Kitale yakafunguliwa mwaka wa 1974. Daftari lake limezaa nyumba ambayo watoto wa shule huzuru hadi leo.

Kazi yenu ya juma hili ni ndogo. Mwulizeni mkubwa wa nyumba swali moja: hiki kilitoka wapi? Andikeni jibu lake angali anakumbuka. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.