Kikohozi Siku ya Posa

Juma hili tunasimulia kisa cha kijana mmoja wa jamaa zetu, kwa idhini yake na ya mkewe, nao wametutaka tuyasitiri majina yao.

Kijana huyu ni daktari. Alisoma chuo kikuu miaka 6, akaongeza mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na katika muda wote huo hakujifunza kuzungumza na mtu asiye mgonjwa. Tangu utotoni, wageni wakija alijificha chumbani na vitabu vyake. Akiulizwa hali, mamake ndiye aliyemjibia. Nasi tulimsifu, "Mtoto ana haya yule!"

Siku ya kumtazama mchumba ilipofika, alivishwa kanzu, akafukizwa udi, akapelekwa na mamake na shangazi yake hadi nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Binti aliingia sebuleni pamoja na kaka yake, amechukua sinia ya kahawa na kaimati. Wazee wakasogea kando kidogo. Kimya kikatanda. Daktari akala kaimati ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho yamo sahanini. Binti, kwa haya, akakohoa.

Uso wa daktari ukachangamka. "Kikohozi hiki kina siku ngapi?"

"Kimeanza ulipoingia," binti akajibu.

"Kikavu, au kina makohozi?"

Kaka mtu akauma mdomo asicheke. Daktari hakuona. Aliuliza habari za homa, za chakula na za usingizi, akausia maji mengi, kisha akamalizia kama amalizavyo kila siku, "Usipopata nafuu, rudi baada ya wiki moja." Mamake akajifunika uso kwa mtandio.

Njiani mama alilia kwa aibu, shangazi akalia kwa kicheko. Daktari naye akaapa asitajiwe ndoa tena.

Siku ya saba ukaja ujumbe kutoka kwa kina binti: wiki imetimia, na kikohozi bado kipo. Shangazi akapiga kigelegele. "Si wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika?"

Baadaye tulipata habari kwamba mamake binti alikuwa amekwisha kuazimia kuikataa posa ile. Binti ndiye aliyemzuia. Mposaji aliyetangulia alikuwa amezungumza saa nzima juu ya gari lake. "Huyu," alisema binti, "aliniuliza kama napata usingizi, akangoja nimjibu."

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Mughira bin Shu'ba amtazame mwanamke aliyemposa, kwa kuwa hilo husaidia mapatano baina yao. Basi kikao kile kimewekwa ili wawili wajuane. Hakikuwekwa kupima ufasaha wa ulimi. Kina mama wenzetu, tuwazoeshe watoto wetu wa kiume kuwapokea wageni, kuwauliza hali na kuwasikiliza, nasi tuache kuwajibia. Na kabla ya kumrudisha mposaji kwa kuwa amebabaika, tumuulize kwanza binti yetu alichokiona. Huenda yeye, aliyekaa mbele yake, ameona tusichokiona sisi tuliokaa kando.