'Jiamini' haitoshi, dada: Uliza wenzako wanalipwa ngapi

Ingia semina yoyote ya mabinti hapa Nairobi. Kabla chai ya saa nne haijaletwa, utakuwa umeambiwa ujiamini mara ishirini hivi. Jiamini. Kaa wima. Mtazame mtu machoni. Halafu Jumatatu unaenda mahojiano ya kazi, unaulizwa unataka mshahara wa ngapi, na mdomo unakauka. Unataja nusu ya ulichokuwa umepanga, na papo hapo unaongeza, "lakini tunaweza kuelewana." Hapo hata hujapingwa na mtu!

Mimi hiyo "jiamini" imenichosha. Inamtwika msichana mzigo wote, ni kama hiyo shaka alizaliwa nayo.

Shaka yenyewe ina historia. Mwaka 1978, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu masomoni na kazini lakini bado wakajiona matapeli, wakingoja siku ya kuumbuliwa. Walikuwa wamezungumza na wanawake zaidi ya 150, wengi wao Wazungu wenye maisha mazuri tu. Sasa kama hao walijishuku, mwanamke Mweusi je? Michelle Obama aliwaambia wasichana wa shule moja jijini London mwaka 2018 kwamba hisia hiyo haijamtoka kabisa. Lupita Nyong'o wetu, aliyebeba Oscar mwaka 2014, amewahi kukiri yayo hayo.

Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliandika katika jarida la Harvard Business Review wakitaka watu waache kuwaambia wanawake kwamba wana huo ugonjwa wa kujishuku. Walisema kinachohitaji kutibiwa ni mahali pa kazi. Nakubaliana nao, ila ofisi haitakuwa imetibiwa kufikia mahojiano yako ya Ijumaa.

Utaniambia hapa Kenya sote ni Weusi, ubaguzi gani tena? Sawa, lakini kaa kidogo kwenye zile ofisi za Westlands na Kilimani. Sikiliza ni nani hupewa nafasi ya kuongea na mteja wa ng'ambo. Mara nyingi ni wale wanaotweng kama wametua jana kutoka Heathrow. Msichana ambaye Kiingereza chake kina Kimeru au Kiluhya ndani anajifunza kunyamaza mkutanoni, ingawa ripoti inayojadiliwa ameiandika yeye. Akija na nywele zake za asili anaulizwa kama leo hakupata muda wa kuzishughulikia. Miaka miwili ya hayo, bana, nani hangejishuku?

Na usidhani vyeti humaliza maneno. Wangari Maathai alipata uzamifu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Bado alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, alikejeliwa bungeni, na wanawake wa vuguvugu lake wakaitwa kundi la walioachika. Yeye aliendelea kuandika barua baada ya barua, kwa serikali na hadi kwa balozi wa Uingereza. Jumba halikujengwa.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo swali la "shahada yako ni ya nini?" nalijua vizuri. Kilichoninyoosha mgongo ni kujua bei. Tuko na kikundi cha WhatsApp, wasichana tunaoandika, tunaochora na kusimamia kurasa za watu mitandaoni. Tulikubaliana kuambiana tunalipwa ngapi. Haikuwa rahisi, maana kwetu kutaja mshahara ni kama kumuuliza mama mkwe umri wake. Wiki ya kwanza kikundi kilikuwa kimya kama kaburi. Kisha mmoja akasema anatoza Sh8,000 kwa mwezi. Mwingine akauliza kwenye kazi aliyoachiwa na jamaa fulani, akapata kwamba huyo jamaa alikuwa akilipwa Sh25,000 kwa kazi ileile. Jamaa hakuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa ameambiwa bei na rafiki yake, basi.

Yule wa Sh8,000 hakuhitaji semina tena. Mteja aliyefuata alimtajia Sh20,000, akalipwa.

Walioajiriwa nao wajue kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi ya thamani sawa. Lakini utadai usawa vipi kama hujui mwenzako anapata nini?

Kwa hivyo wiki hii mtafute dada anayefanya kazi kama yako, aliyekutangulia miaka miwili au mitatu. Msalimie kwa heshima, mwambie unaenda kwa mahojiano, umuulize kazi kama hiyo hulipwa kuanzia ngapi. Wengi watakuambia, wanakumbuka walivyopunjwa. Pitia simu yako pia, uweke pamoja kazi ulizomaliza na jumbe za wateja walioshukuru, ukizisome ukiwa kwenye matatu. Ukifika, taja bei yako mara moja, kisha nyamaza. Kimya kitauma kidogo. Waache wao ndio wakivunje.