Lami imesafishwa, kisima je?

Nataka kuwafikishia madiwani wetu malalamiko ambayo nimeyapeleka ofisini kwa mdomo na kwa maandishi bila kupata jibu.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Sikitaji jina, kwa sababu vijiji vya namna hii ni vingi na wenyeji wake watajiona humu. Usiku na mchana hupita malori ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo, pamoja na yale yaliyofunikwa turubai yakiwa na salfa ya viwanda vya shaba. Masika yaliyopita lori la dizeli lilishindwa kona, likalala ubavu karibu na kalavati. Dereva alitoka mzima, tunamshukuru Mungu. Polisi walikuja, zimamoto wakaja, wakatufukuza tusisogee na ndoo zetu. Walifanya vema. Nani kasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 waliteketea kwa sababu ya petroli iliyomwagika?

Kwa hiyo sina ugomvi na saa za mwanzo. Ugomvi wangu unaanza lori lilipoinuliwa.

Mwenye mali alileta lori jingine, akahamisha mafuta yaliyosalia, winchi ikavuta lililoanguka. Kisha lami ikamwagiwa mchanga na kufagiliwa vizuri, kwani dizeli hulainisha lami na magari huteleza. Jua halijazama, barabara ikawa wazi. Mchanga uleule uliolowa dizeli ulisukumiwa mtaroni, na mtaro wetu unateremkia kwenye kijito kinachopita jirani na kisima cha pampu tunachokitegemea. Mvua ya kwanza ilipopiga, kijito kikavaa utando wa rangi rangi, na tangu hapo maji ya kisima yananuka mafuta.

Nilipouliza, ofisi ya kwanza ilinijibu kwamba hilo ni suala la ngazi ya taifa. Nikaambiwa kwingine kwamba ngazi ya taifa husubiri taarifa kutoka halmashauri. Halmashauri wakaniambia kampuni ya bima ya lori italimaliza. Bima, kwa nilivyoona, iliulizia lori na mzigo. Hakuna mtu wake aliyekanyaga mtaroni.

Sheria si kwamba hazipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wazi kwamba mchafuzi ndiye anayebeba gharama, na imeagiza kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira. Ya mwaka 2003, inayosimamia kemikali za viwandani na majumbani, imempa Mkemia Mkuu wa Serikali mamlaka juu ya wanaozishughulikia. Sasa soma sheria ndogo za usafi za halmashauri yetu, nakala ninayo. Zimetaja majitaka, takataka, mifugo inayozurura, hata oili chafu ya gereji. Mama lishe akimwaga maji ya vyombo barabarani, mgambo anaandika faini papo hapo. Tangi zima la dizeli likimwagika, hakuna kifungu kinachosema nani achimbe udongo, ndani ya saa ngapi, na nani atuambie kama maji yanafaa kunywa.

Hapo kwenye udongo ndipo penye jambo. Petroli hupaa upesi na hatari yake kubwa ni moto. Dizeli haina haraka hiyo. Huzama ardhini, hushikamana na udongo, na kila mvua huisogeza mbele kidogo kuelekea kwenye maji ya chini. Udongo uliolowa huchimbwa kabla ya mvua na kupelekwa panaporuhusiwa, si kufukiwa kando ya barabara. Kazi hiyo ingefanyika siku ileile, na mlipaji alikuwa amesimama pale pale akisubiri winchi. Nataka sheria ndogo itamke kwamba mwenye chombo hakiondoi mpaka aandikishiane na halmashauri kulipia usafishaji wa udongo na upimaji wa maji, na matokeo ya maabara yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Kata nayo iwe na stoo yenye mchanga, maranda ya mbao, mabeleshi na chokaa, na watu waliofundishwa kusoma vibao vya rangi ya chungwa kwenye malori. Namba 1202 ni dizeli, 1203 ni petroli, 1830 ni asidi ya salfuriki. Vijana wetu wana moyo wa kusaidia, lakini ile ya mwisho ukikimbilia kuimwagia ndoo ya maji huchemka na kukurukia usoni.

Najua nitajibiwa kwamba halmashauri haina uwezo. Uwezo wa kutunga sheria ndogo inao tangu sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, na waziri ndiye wa kuridhia. Fedha je? Inatoza ushuru wa maegesho malori hayahaya yanapolala kwetu. Kungoja mahakama nako ni safari ndefu. Huko Thange, Makueni, nchini Kenya, bomba la mafuta lilivuja mwaka 2015, na hukumu ya fidia ikatoka mwaka 2025.

Baraza la madiwani la robo hii linakaribia. Namwomba diwani wetu apeleke hoja ya kurekebisha sheria ndogo hizo, na atuambie kama kuna aliyepima maji ya kisima kile. Kama hakuna, kisima kifungwe kwanza na tuletewe maji ya boza, kujadiliana tutajadiliana baadaye.

Mkazi wa kando ya barabara kuu
(Jina na anuani vimehifadhiwa)