Asili ya mgombea: Swali la mwandishi linapogeuka hukumu

"Kwenu ni wapi?" ni swali la kawaida nchini Tanzania. Huulizwa ndani ya basi, msibani na ofisini, na aghalabu nia yake ni njema: kutafuta utani, udugu au mwanzo wa mazungumzo. Lakini swali hilo hilo likitoka kinywani mwa mwandishi wa habari na kuelekezwa kwa mtu anayeomba kura, hubadilika sura. Haliwi mazungumzo tena, bali kipimo, na umma ndio unaokabidhiwa kipimo hicho ukapimie.

Hayo yalionekana wazi mwaka 2005, wakati Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilipokuwa kikimtafuta mgombea wa kumrithi Rais Benjamin Mkapa. Miongoni mwa waliojitokeza alikuwa Dk. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba. Mwaka 1964 aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22. Baadaye aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa kwa takriban miaka 10, akawa Rais wa Baraza Kuu la umoja huo mwaka 1979, Waziri Mkuu mwaka 1984 hadi 1985, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001.

Mtu mwenye rekodi ndefu kiasi hicho ana mengi ya kuulizwa, tena maswali magumu. Serikali aliyokuwa Waziri Mkuu wake ilifanya nini wakati uchumi ulipodorora na bidhaa muhimu zikawa adimu? OAU ilikuwa wapi mwaka 1994, wakati mamia ya maelfu ya watu walipokuwa wakiuawa Rwanda? Hakuna ambaye angeweza kuyaita maswali hayo ubaguzi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mjadala ilielekezwa kwingine. Zilienezwa tuhuma, na baadhi ya magazeti yakazibeba, kwamba mgombea huyo alikuwa Hizbu na kwamba ana asili ya Kiarabu. Kwa msomaji asiyeifahamu historia ya Zanzibar, Hizbu ni jina lililozoeleka la chama cha Zanzibar Nationalist Party, kilichokuwamo katika serikali iliyopinduliwa Januari 12, 1964. Ndani ya CCM, chama kilichozaliwa mwaka 1977 kwa kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi, kumwita mtu Hizbu ni kumtangaza kuwa adui wa Mapinduzi.

Katika tuhuma hizo mbili kuna tofauti ambayo mwandishi makini hana budi kuiona. Chama alichokifuata mtu mwaka 1963 ni jambo la kisiasa. Ni uamuzi wake, una ushahidi wake, na unaweza kuulizwa na kujibiwa. Mwandishi angeweza kueleza kwamba mwaka 1963 kundi lililoongozwa na Abdulrahman Babu lilijitoa Hizbu na kuunda chama cha Umma, kwamba Umma iliunga mkono Mapinduzi na baadaye ikaungana na Afro-Shirazi, kisha akamuuliza mgombea alikuwa upande gani na kwa sababu gani. Lakini rangi ya ngozi ya mtu au walikotoka babu zake si uamuzi wake. Swali juu ya mambo hayo halina jibu linaloweza kumsaidia mpiga kura. Humwachia hisia tu.

Mkutano Mkuu wa CCM uliofanyika Chimwaga, Dodoma, Mei 2005, ulimpa Jakaya Kikwete kura 1,072, Dk. Salim 476 na Profesa Mark Mwandosya 122. Haitakuwa haki kudai kwamba habari hizo ndizo zilizoamua matokeo. Mshindi alikuwa na mvuto wake na mtandao wa wafuasi uliojengwa kwa muda mrefu. Lakini haiwezekani pia kudai kwamba hazikuwa na madhara. Mtu aliyeitumikia nchi kwa miaka 40 alilazimika kutumia muda wa kampeni akithibitisha kuwa si mgeni nyumbani kwake.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Januari 2007, jarida moja la Marekani liliandika kwamba Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alisomeshwa utotoni katika madrasa yenye itikadi kali nchini Indonesia. Kituo cha televisheni cha Fox News kiliirudia habari hiyo. CNN, kwa upande wake, ilimtuma mwandishi hadi Jakarta. Aliikuta shule ya kawaida ya serikali, yenye watoto wa dini mbalimbali. Safari moja ya mwandishi ilitosha kuuonesha umma kwamba habari ile haikuwa na msingi.

Lakini kuthibitisha ukweli ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilielezwa na Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipohojiwa na televisheni ya NBC Oktoba 19, 2008. Alisema kwamba Obama si Mwislamu bali ni Mkristo, kisha akauliza: na kama angekuwa Mwislamu, ingekuwa nini? Je, ni kosa kuwa Mwislamu katika nchi hiyo? Wanahabari wengi walikuwa wamejitahidi kukanusha uvumi, lakini wachache walikuwa wamehoji dhana iliyobebwa ndani yake. Anayekanusha tu kwamba mtu ni Mwarabu, Mwislamu au wa kabila fulani, bila kuhoji kwa nini jambo hilo liitwe tuhuma, amekwisha kukubali kwamba ni aibu.

Je, ina maana kwamba maisha ya mgombea yasiguswe? La hasha. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 39, inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa. Hilo ni sharti la kisheria, na kuliulizia ni haki. Lakini Ibara ya 13 ya Katiba hiyo hiyo inakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi, dini au mahali alipotokea. Sharti la uraia lisigeuzwe rungu la kumpigia yeyote asiyependwa. Mwaka 2001 mwandishi mashuhuri Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge, alitangazwa na Serikali kuwa si raia. Baadaye alipewa uraia. Tasnia ya habari, basi, imekwisha kuuonja uchungu wa swali hilo ndani ya nyumba yake.

Upo pia upande wa pili wa shilingi. Wapo wanasiasa wanaojificha nyuma ya kilio cha ubaguzi ili wasijibu maswali ya haki. Katika mdahalo wa wagombea urais wa Kenya, Februari 11, 2013, ukabila ulikuwa miongoni mwa mada za mwanzo, na Uhuru Kenyatta aliulizwa angeongozaje nchi huku akikabiliwa na mashitaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mashitaka hayo yaliondolewa Desemba 2014, lakini swali lilistahili wakati lilipoulizwa, kwa kuwa lilihusu tuhuma za matendo na uwezo wa kutawala, si damu ya mtu.

Hatari kubwa imo katika maneno mawili mepesi: "watu wanasema". Mwandishi humwambia mgombea, "Watu wanasema wewe si mwenzetu, unasemaje?" Watu hao hawatajwi, na ushahidi wao hauoneshwi. Mgombea akinyamaza, ukimya wake huwa habari. Akikanusha, kesho yake kichwa cha habari husema kwamba amekana kuwa mgeni, na waliokuwa hawajausikia uvumi huo huusikia kwa mara ya kwanza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Chumba cha habari hakiwezi kuendeshwa kwa methali hiyo, kwa sababu mara nyingi chenyewe ndicho kinacholifanya lisemwalo lije.

Mwaka 1995 Mwalimu Julius Nyerere aliutaja ukabila na udini mbele ya waandishi wa habari, katika Hoteli ya Kilimanjaro jijini Dar es Salaam, kuwa miongoni mwa nyufa zilizoanza kuonekana katika nyumba ya taifa. Mwaka huo huo wanahabari walianzisha Baraza la Habari Tanzania ili wasimamie maadili yao wenyewe. Kanuni, kwa hiyo, hazikukosekana mwaka 2005. Kilichokosekana ni mhariri wa kumuuliza mwandishi wake, kabla habari haijachapwa, maswali mawili: Jambo hili ni kweli? Na kama ni kweli, linamhusu nini mpiga kura? Habari isiyo na jibu la swali la kwanza ni uzushi. Isiyo na jibu la pili ni chuki, hata kama kila neno lake ni sahihi.